DAKTA ROBERT KOCH NA HOMA YA MALARIA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Robert Koch alizaliwa mwaka 1843 huko Clausthal, Ujerumani. Alisomea udaktari, na mwaka 1882 akagundua kijidudu kiletacho kifua kikuu. Sifa zake zikaenea duniani kote.

Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, akawa anapima damu ya wagonjwa wa homa kwa hadubini. Alichunguza pia homa ya mkojo mweusi iliyoogopwa sana. Aliona kwamba mara nyingi ilizuka baada ya mgonjwa kumeza kwinini, dawa ile ile ya malaria. Basi akaonya kwamba dawa isitolewe ovyo, bali damu ipimwe kwanza.

Mwaka 1900, huko New Guinea, aliona jambo kubwa. Damu ya watoto wadogo ilikuwa na vijidudu tele, lakini ya wazee wao ilikuwa karibu safi, kwani miili yao ilikwisha kuzoea ugonjwa. Akafundisha kwamba wapimwe watu wote, hata wasiougua, na wenye vijidudu watibiwe. Tangu mwaka 1901 njia hiyo ilijaribiwa Dar es Salaam, lakini malaria haikwisha, maana mbu walizidi kuzaliana.

Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, akafariki mwaka 1910.

Ndugu wasomaji, hapa Msowero mbu hawatuachi. Tukumbuke kwamba mtoto achezaye uani kwa furaha aweza kuwa na malaria mwilini. Tulale ndani ya chandarua, tupime damu, na dawa tuimalize.