Fred Gisa Rwigema: Askari Aliyechagua Njia Mara Nne

Kila mwaka vijana wa kike na wa kiume, waliokwisha kumaliza masomo na kupevuka akili, hufika mbele ya maofisa wa uandikishaji wakiwa na swali moja vichwani mwao: niingie wapi? Mmoja hulipenda Jeshi la Nchi Kavu, mwingine huvutwa na Jeshi la Anga, wa tatu ana ujuzi wa uuguzi na huiona njia yake katika Huduma ya Afya ya Jeshi. Yuko anayeona afadhali Polisi, na yuko anayepima kati ya kuanza kama kuruta wa kawaida na kungojea nafasi ya kwenda Gako kusomea uofisa. Hayo ni maswali ya haki, na mtu mzima anayetaka kuutoa ujana wake hana budi kuyauliza. Lakini nyuma yake liko swali lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: anakwenda kumtumikia nani, na kwa kazi gani? Hakuna maisha yanayolijibu swali hilo kwa uwazi kuliko maisha ya marehemu Meja Jenerali Fred Gisa Rwigema.

Alizaliwa tarehe 10 Aprili 1957 katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kamonyi, kusini mwa Rwanda, akaitwa Emmanuel Gisa. Hakuwa ametimiza miaka mitatu yalipozuka machafuko ya mwaka 1959, ambayo Watutsi wengi waliuawa, nyumba zao zikachomwa moto, na maelfu wakavuka mipaka kwenda Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Wazazi wake walimchukua hadi Uganda, wakapata hifadhi katika kambi ya wakimbizi ya Nshungerezi, nchini Ankole. Huko ndiko alikokulia, mtoto wa kibanda cha nyasi na mgawo wa chakula, asiyekuwa na nchi aliyoweza kuiita yake mbele ya sheria. Alisoma, akafika shule ya sekondari mjini Mbarara, na katika ujana huo akafanya urafiki na kijana Caleb Akandwanaho, aliyejulikana baadaye kwa jina la Salim Saleh, ndugu yake Yoweri Museveni.

Mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 19, alifanya uchaguzi wake wa kwanza. Uganda ilikuwa chini ya utawala wa Idi Amin, na jeshi la utawala huo lilikuwa tayari na mishahara, magari na sare. Kijana mwenye nguvu aliyetaka tu kazi ya bunduki angeweza kutamani hayo. Gisa alikwenda Tanzania, akajiunga na FRONASA, kundi dogo la Museveni lililokusudia kumwondoa Amin. Kundi hilo halikuwa na tawi la anga wala la mizinga. Halikuwa hata na mishahara. Hapo ndipo alipoanza kujiita Fred Rwigema. Mwaka huohuo alipelekwa Msumbiji pamoja na vijana wenzake, wakapata mafunzo katika kambi ya Montepuez, jimboni Cabo Delgado, chini ya wapiganaji wa FRELIMO, ambao mwaka mmoja tu kabla ya hapo walikuwa wameikomboa nchi yao kutoka mikononi mwa Wareno.

Mafunzo hayo hayakuwa ya haraka haraka. Wanafunzi walifundishwa kutembea umbali mrefu kwa miguu, kulala njaa bila kunung'unika, kutunza silaha, na juu ya yote kuishi na wanakijiji bila kuwapora. Wakufunzi wa FRELIMO walikuwa wameionja vita ya miaka kumi, wakajua kwamba mpiganaji anayechukiwa na raia hana mahali pa kujificha. Ni elimu ya askari wa miguu, iliyo ya chini kuliko zote na tena iliyo msingi wa zote, na Rwigema aliibeba mpaka mwisho wa maisha yake.

Vita vya Kagera vilipozuka mwishoni mwa mwaka 1978, baada ya majeshi ya Amin kuivamia ardhi ya Tanzania, wapiganaji wa FRONASA waliingia Uganda pamoja na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Rwigema, aliyekuwa ametimiza miaka 22 siku iliyotangulia, akawa askari wa jeshi jipya la Uganda, UNLA. Kwa kijana wa kambi ya wakimbizi huo ungekuwa mwisho mwema wa safari: jeshi la serikali, lenye kambi na mshahara.

Hata hivyo uchaguzi wa Desemba 1980 ulizua mgogoro, na Museveni akaamua kurudi msituni. Rwigema akachagua mara ya pili. Tarehe 6 Februari 1981 kundi dogo lililokuwa na bunduki 27 liliishambulia shule ya mafunzo ya kijeshi ya Kabamba, na miongoni mwa waliokuwamo ni Rwigema na kijana mwenzake wa Kinyarwanda, Paul Kagame. Bohari ya silaha haikutekwa siku hiyo, lakini vita vilikuwa vimeanza. Ndani ya miaka mitano bunduki hizo 27 zilizaa jeshi, NRA, lenye batalioni na brigedi zake.

Katika misitu ya Luwero Rwigema alipanda ngazi kwa kazi. Walioandika habari za vita hivyo wanakubaliana juu ya tabia yake: alikuwa mrefu, mpole wa sauti, mwepesi wa kucheka na askari wadogo, na mzito kurudi nyuma. Mwaka 1982 serikali ya Obote ilipoanza kuwafukuza watu wa asili ya Rwanda kutoka maeneo ya Ankole, na nyumba zao kuporwa, vijana wengi wa kambi walikimbilia NRA, na jina la Rwigema lilikuwa moja ya sababu za wao kujua pa kwenda. Mwaka 1985 aliongoza kikosi kilichotoka Luwero kwenda magharibi hadi milima ya Rwenzori, safari ndefu iliyofungua medani mpya na kuigawa nguvu ya adui. NRA iliingia Kampala tarehe 26 Januari 1986, na katika safu zake walikuwamo maelfu ya askari wenye asili ya Rwanda.

Hapa msomaji askari ataliona jambo la kutafakari. Katika majeshi yote hayo Rwigema alikuwa mgeni wa makaratasi, ila hakuwa mgeni wa kazi. Mkimbizi wa Kinyarwanda, kijana wa Ankole, Mganda na Mkaramoja walielewana kwa Kiswahili, lugha ya amri iliyorithiwa katika kambi za Uganda tangu siku za King's African Rifles, na ndiyo lugha waliyoizungumza pia ndugu zao wa Tanzania. Wengi wa wapiganaji hao waliporudi Rwanda walikuja nayo, nayo ingali ikisikika kambini na katika gwaride hata leo.

Baada ya ushindi, Rwigema aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Ulinzi wa Uganda, na mwaka 1988, NRA ilipogawa vyeo rasmi, akawa Meja Jenerali. Alikuwa na mke, na baadaye watoto wawili. Uchaguzi wake wa tatu ulikuwa wa namna nyingine, kwa kuwa haukuhusu jeshi gani bali mahali gani ndani ya jeshi. Mwenye cheo kama chake hangelaumiwa kwa kukaa ofisini Kampala. Yeye alionekana mara kwa mara kaskazini mwa Uganda, kwenye mstari wa mbele, pamoja na askari waliopambana na waasi wa huko. Askari walimpenda kwa hilo, na upendo wa askari ni amana ambayo hainunuliwi kwa cheo.

Lakini cheo hakikumfuta asili. Katika siasa za Uganda palikuwa na manung'uniko kwamba wageni wanashika nyadhifa kubwa za ulinzi, na mwezi Novemba 1989 Rwigema aliondolewa katika wadhifa wake. Alikuwa amepigana miaka 13 kwa ajili ya nchi iliyomkumbusha kwamba si yake, huku nchi iliyokuwa yake ikiwaambia wakimbizi kwamba imejaa na hawana nafasi ya kurudi.

Tayari tangu Desemba 1987 wakimbizi walikuwa wameunda chama cha RPF-Inkotanyi mjini Kampala, na Rwigema akawa kiongozi wake na kamanda wa jeshi lake, RPA. Uchaguzi wa nne ndio huo. Mwishoni mwa Septemba 1990, Rais Museveni na Rais Habyarimana walipokuwa New York katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya watoto, vikosi vilianza kusogea kuelekea kusini-magharibi kwa kisingizio cha maandalizi ya sikukuu ya uhuru wa Uganda ya tarehe 9 Oktoba. Tarehe 1 Oktoba wapiganaji walivuka mpaka pale Kagitumba. Cheo cha Meja Jenerali wa Uganda na marupurupu yake Rwigema aliviacha ng'ambo ya mpaka, akaingia katika nchi ambayo hakuwa na kumbukumbu nayo yoyote zaidi ya zile alizosimuliwa na wazazi wake.

Siku ya pili, tarehe 2 Oktoba 1990, aliuawa vitani katika kilima cha Nyabwishongwezi, eneo la Matimba, karibu na mpaka uleule. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Askari hawezi kulipita jambo hili bila kusimama. Kamanda mkuu alianguka katika saa za mwanzo za vita, na pigo hilo karibu liliangushe jeshi zima. Habari za kifo chake zilifichwa kwa majuma kadhaa ili wapiganaji wasivunjike moyo. Mbuga za Umutara ni tambarare zenye nyasi fupi, hazina maficho ya kutosha, na serikali ya Kigali ilipata msaada wa majeshi ya nje. Makamanda wengine waandamizi waliuawa mwezi huohuo, na kufikia mwisho wa Oktoba RPA ilikuwa imesukumwa nyuma hadi mpakani. Ujasiri wa kiongozi kuwa mbele ni sifa, lakini gharama yake huonekana pale jeshi linapomtegemea mtu mmoja. Paul Kagame alirejea kutoka masomoni Fort Leavenworth, Marekani, akawakusanya waliosalia, akawahamishia katika baridi ya milima ya Virunga, na kuwapanga upya. Tarehe 23 Januari 1991 waliuvamia mji wa Ruhengeri. Jeshi lilikuwa hai bado, kwa sababu kazi ilikuwa imefundishwa kwa wengi. Ndilo jeshi lililosimamisha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 na kuikomboa Kigali tarehe 4 Julai mwaka huo.

Yupo atakayeuliza: je, maisha haya yanamfundisha askari kuhama kutoka jeshi moja hadi jingine kadiri apendavyo? Hasha. Kiapo ni kiapo, na jeshi lisilo na utii ni genge. Rwigema alihama kwa sababu hakuwa na jeshi la kwao la kuingia. Hapakuwa na ofisa wa uandikishaji wa Rwanda aliyeweza kumpokea mtoto wa Nshungerezi. Kila jeshi alilolitumikia lilikuwa la kuazima, na katika kila moja alifanya kazi kwa uaminifu kama la kwake, huku akitafuta njia ya kurudi nyumbani. Kijana wa leo anayesitasita kati ya nchi kavu na anga, kati ya Gako na chuo cha Polisi cha Gishari, anasitasita mbele ya milango iliyo wazi. Nafasi hiyo ya kusitasita ndiyo aliyoikosa Rwigema, na ndiyo aliyoifia.

Kwa hiyo anayechagua na achague kwa akili. Mwenye macho makali na hesabu nzuri asione haya kuutaka urubani. Mwenye huruma na mikono thabiti aende kwenye utabibu. Mwenye subira ya kusikiliza mashauri ya wananchi, Polisi inamhitaji. Asiyependa kusubiri nafasi ya uofisa na aingie kama askari wa kawaida, maana Rwigema mwenyewe hakuanza na nyota begani. Ila kila mmoja ajue kwamba tawi ni chombo tu, na chombo hupimwa kwa kazi iliyofanyika. Ajue pia kwamba uchaguzi hauishi siku ya kuapishwa: utarudi siku atakapopewa kiti kizuri ofisini ilhali wenzake wako medani, na utarudi tena siku atakapoondolewa katika kiti hicho.

Fred Gisa Rwigema amelazwa katika Makaburi ya Mashujaa wa Taifa, Remera, mjini Kigali, naye hukumbukwa pamoja na mashujaa wengine kila tarehe 1 Februari. Taifa limemweka katika daraja la juu kabisa la ushujaa, Imanzi. Katika daraja hilohilo amewekwa Askari Asiyejulikana, anayewakilisha wote walioanguka bila majina yao kuandikwa popote: wa miguu, wa mizinga, wauguzi, wapishi na wabeba risasi. Jenerali na asiyejulikana wamelala mahali pamoja, na daraja lao ni moja.