William Gossage: Mtengeneza Sabuni Mwenye Kombe

Mwaka huu nilipoambiwa niandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri wa zamani, wenzangu wengi walidhani nitaandika habari za Gor Mahia, yule mganga wa Kanyamwa ambaye timu tunayoipenda sana hapa kwetu ilipewa jina lake. Wanisamehe. Nimeamua kuandika juu ya mzungu mmoja mtengeneza sabuni. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho.

Mambo yalianzia kwa babu yangu hapa Suna. Jumapili moja tulikuwa tunazungumza habari za mpira, na babu akasema kwamba Kombe la CECAFA zamani liliitwa Kombe la Gossage. Nikamuuliza huyo Gossage alikuwa nani. Babu akajibu kwamba alikuwa gavana. Mjomba akakataa katakata, akadai eti alikuwa golikipa hodari wa Uingereza. Walibishana mpaka chai ikapoa vikombeni. Kwa vile kuuliza si ujinga, Jumatatu nikapeleka swali hilo kwa walimu wangu. Aliyelijibu hakuwa mwalimu wa michezo wala wa historia. Alikuwa mwalimu wa kemia! Akaniazima kitabu kikuukuu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba babu na mjomba wote wawili walikuwa wamepotea njia.

William Gossage alizaliwa mwaka wa 1799 katika mji mdogo wa Burgh-in-the-Marsh, wilaya ya Lincolnshire, nchini Uingereza. Hakupata masomo marefu. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi alipelekwa kwa mjomba wake aliyekuwa na duka la dawa huko Chesterfield, akawa mwanagenzi wake. Hebu fikiria, umri wa mtoto wa darasa la sita! Mchana alipima dawa na kusaga unga, na wakati wake wa ziada akajifundisha kemia na Kifaransa. Kifaransa kilimfaa kwa sababu siku hizo Wafaransa walikuwa mbele sana katika kemia.

Mwaka wa 1823 alipata hataza yake ya kwanza, yaani haki ya serikali ya kumzuia mtu mwingine asiibe uvumbuzi wake. Je, alikuwa amevumbua nini? Kengele ndogo ya kuamshia watu, ya kufungwa kwenye saa. Sisi tunaotembea asubuhi na mapema kuja shule tungemshukuru, au pengine tungemlaani. Baadaye alifungua biashara yake huko Leamington, akawa anauza chumvi za dawa zilizotoka katika maji ya chemchemi za mji huo.

Karibu na mwaka wa 1830 alihamia Stoke Prior, mahali palipokuwa na chumvi nyingi ardhini. Yeye na wenzake wakaanza kutengeneza magadi kutokana na chumvi hiyo. Hapa Kenya tumebarikiwa, kwani magadi tunayachota tu katika Ziwa Magadi. Wazungu hawakuwa na ziwa kama hilo, kwa hivyo iliwabidi wayatengeneze kiwandani kwa njia ya Mfaransa aitwaye Leblanc. Chumvi ilichanganywa na asidi ya salfuriki, halafu ikapikwa pamoja na makaa ya mawe na mawe ya chokaa. Magadi hayo ndiyo yaliyotumiwa kutengenezea sabuni na vioo.

Lakini kila chenye faida kina hasara yake. Chumvi ilipokutana na asidi, ilitoka gesi kali sana, haidrojeni kloraidi. Wenye viwanda waliiachilia tu ipande hewani kupitia bomba la moshi. Ilikausha miti, ikaunguza mimea ya wakulima, ikala hata vyuma, na watu wakakohoa usiku kucha. Majirani wakawashtaki wenye viwanda. Wengine wakajenga mabomba marefu zaidi wakidhani wamemaliza shida, kumbe walikuwa wanaisukuma tu gesi iende kwa jirani wa mbali.

Hapo ndipo Gossage alipoonyesha akili. Mwaka wa 1836 alichukua mnara wa kinu cha upepo kilichokuwa hakitumiki tena, akaujaza vijiti na matawi ya vichaka. Juu akamimina maji yadondoke polepole juu ya vijiti hivyo, kisha akaiingiza gesi. Gesi hiyo hupenda maji sana. Ilipopita kati ya vijiti vilivyolowa, ilinaswa na maji ikawa asidi, na hewa iliyotoka ikawa haina makali tena. Ni hivyo tu! Si mashine ya ajabu. Ni mnara, vijiti na maji. Mwaka wa 1863 serikali ya Uingereza ilipopitisha sheria kwamba viwanda vya magadi vizuie asilimia 95 ya gesi hiyo, sheria hiyo iliwezekana kwa sababu mnara wa Gossage ulikuwa umekwisha kuonyesha njia.

Wasomaji, msidhani kila alichogusa kiligeuka dhahabu. Alijaribu biashara ya rangi nyeupe ya risasi huko Birmingham, akaenda Neath kuyeyusha shaba, akarudi tena Stoke Prior. Miaka mingi, na pesa nyingi, alizitumia kutafuta njia ya kurudisha salfa kutoka katika takataka za viwanda vya magadi. Hakufaulu. Njia nzuri ilipatikana baada ya yeye kufa, tena na watu wengine.

Mwaka wa 1850, akiwa na umri wa miaka 50 na zaidi, wakati ambapo wengine huanza kufikiria kupumzika, alihamia Widnes na kuanzisha kiwanda kipya. Muda si muda Vita vya Crimea vikazuka, mafuta ya wanyama yaliyokuwa yakitoka Urusi yakawa haba, na bei ya sabuni ikapanda. Gossage akagundua kwamba akiongeza silikati ya sodiamu, anaweza kutengeneza sabuni nzuri kwa mafuta machache. Sabuni ikawa rahisi, na maskini naye akaweza kufua. Mwaka wa 1857 akatoa sabuni yenye mabaka ya buluu, na mwaka wa 1862 ikapata nishani katika maonyesho makubwa ya London. Sabuni za Gossage zikapakiwa melini zikaenda pande nyingi za dunia.

William Gossage alifariki mwaka wa 1877. Angalia mwaka huo vizuri. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa haijaanza kujengwa, na hapakuwa na nchi iliyoitwa Kenya. Kwa hivyo huyu mzee hakuwahi kukanyaga hapa kwetu, wala hakuwahi kuliona kombe lake.

Basi kombe lilikujaje? Kampuni aliyoiacha iliendelea chini ya wanawe, na mwaka wa 1911 ikauzwa kwa kampuni ya Brunner Mond, kisha ikaangukia mikononi mwa Lever Brothers. Mwaka wa 1926, miaka 49 baada ya kifo chake, kampuni hiyo ya sabuni ilidhamini kombe la kushindaniwa na Kenya na Uganda. Kenya ikalinyakua mwaka huo wa kwanza. Tanganyika iliingia mwaka wa 1945, na Zanzibar ikafuata baadaye. Kombe liliitwa Gossage mpaka mwaka wa 1966. Mwaka uliofuata likawa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka wa 1973 likawa Kombe la CECAFA. Kenya ililitwaa mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Tulilitwaa tena mwaka wa 2013, siku ile ile ya Jamhuri taifa lilipotimiza miaka 50, na mwaka wa 2017 huko Machakos tulipoilaza Zanzibar kwa penalti. Hata hivyo tuseme ukweli, Uganda wamelibeba mara nyingi kutuzidi.

Sasa niwaambie kwa nini nilimchagua Gossage na si mchezaji. Ninyi nyote mnajua kwamba hapa Migori watu wengi hutegemea dhahabu. Kaka yangu mkubwa ni mmoja wao. Vumbi la dhahabu hukamatwa kwa zebaki, halafu donge lile huchomwa kwenye kikaango juu ya jiko la makaa, zebaki ipae ibaki dhahabu. Kaka alikuwa akichomea nyuma ya jikoni, na mdogo wetu wa miaka minne alipenda kusimama pale kutazama. Karo yangu ya mihula yote imetoka katika kikaango hicho. Nitasema nini mimi?

Nilipomaliza kile kitabu nilimsimulia kaka habari za mnara. Alicheka, akasema mimi nimeanza kuwa profesa. Nilimwuliza mwalimu, akanifafanulia kwamba mnara wa maji haufai kwa zebaki, lakini kuna chombo kilichofunikwa chenye bomba, ambacho huupoza mvuke wa zebaki na kuurudisha uwe zebaki tena. Niliporudi na habari hiyo kaka hakucheka. Alinyamaza, kisha akauliza bei. Zebaki ni ghali, na ile inayopaa ni pesa inayopaa. Hadi ninapoandika haya, yeye na wenzake bado wanachanga na chombo hakijanunuliwa. Lakini jiko limeondolewa nyuma ya jikoni, na mdogo wetu amekatazwa kabisa kukaribia.

Basi, wenzangu, mkisikia mpira wa CECAFA redioni, mkumbukeni mzee wa sabuni. Babu yangu sasa anawaambia wageni kwamba yeye alijua tangu zamani kuwa Gossage hakuwa gavana. Mjomba bado anasisitiza habari za golikipa.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu.