Saad bin Abi Waqqas (R.A.): Mgonjwa aliyesema kweli

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tuyatazame maradhi katika maisha ya Sahaba ambaye tumezoea kumtaja kwa upinde na mishale yake.

Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alikuwa Mkureshi wa Bani Zuhra, ukoo wa Bi Amina, mama yake Mtume (S.A.W.). Alisilimu akiwa kijana wa takriban miaka 17, miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa. Mama yake aligoma kula ili amrudishe kwenye masanamu. Saad aliendelea kumtendea wema, lakini dini yake hakuiacha. Alipigana Badr na Uhud, naye ni mmoja wa Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo.

Shujaa huyu aliugua mno mjini Makka katika mwaka wa Hija ya Kuaga, yaani mwaka wa 10 Hijria (632). Mtume (S.A.W.) alikwenda kumzuru. Saad hakuficha kitu. Alieleza maumivu yalipomfikisha, akaeleza mali aliyonayo na kwamba mrithi wake ni binti mmoja, kisha akauliza kama atoe sadaka theluthi mbili. Alipokatazwa aliuliza nusu. Alipokatazwa tena aliuliza theluthi, akaruhusiwa huku akifahamishwa kuwa hiyo nayo ni nyingi. Mtume (S.A.W.) alimwekea mkono kwenye paji la uso, akampangusa uso na tumbo, akamwombea shifaa. Saad alipona, akaishi zaidi ya miaka 40 baada ya hapo.

Imepokewa pia katika Sunan ya Abu Daud, ijapokuwa wanachuoni wameizungumzia isnadi yake, kwamba katika ugonjwa wake Saad alielekezwa na Mtume (S.A.W.) kwa Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif. Kwa kuwa Uislamu wa Harith una khitilafu, wapo wanachuoni waliojenga hapo hoja kwamba Muislamu aweza kutibiwa na tabibu mjuzi na mwaminifu asiye wa dini yake.

Mwaka 636 hivi, katika vita vya Qadisiyya dhidi ya Wafursi, Saad alikuwa amiri jeshi, naye alishikwa na majipu na maumivu ya mshipa wa nyonga hata hakuweza kupanda farasi. Aliongoza vita akiwa amelala kifudifudi juu ya jengo. Watu walipoanza kumsema, aliteremka akawaonyesha vidonda vyake, nao wakaukubali udhuru wake. Imani iliyokuwa imetetereka ilirudi kwa sababu alisema kweli.

Ndugu msomaji, tuutazame mwenendo huu hapa kwetu. Mama wa Kiongoroni, Mbwera au Salale katika delta ya Rufiji husubiri maji yajae ndipo chombo kiondoke. Baada ya taabu yote hiyo anafika mbele ya mganga wa zahanati na kusema tu kwamba mwili wote unauma. Hasemi homa ilianza lini. Anaficha mizizi aliyokunywa, au vidonge alivyonunua dukani, kwa kuogopa kukemewa. Tabibu anatibu nusu ya habari, na dawa yake yaweza kugongana na ile iliyofichwa.

Saad alieleza, kisha akauliza mara tatu. Nasi tuulize: dawa hii ni ya nini, nimeze mara ngapi, kabla au baada ya chakula, na nikiwa katika funga ya Ramadhani nifanyeje? Asiyeelewa aombe kuelezwa tena kwa adabu. Mwanamke anayeona haya aombe mhudumu wa kike akiwapo, au afuatane na mtu wa nyumbani. Na tabibu naye akumbuke kuwa siri ya mgonjwa ni amana, na kwamba anayekemewa leo kesho hatasema.

Faida ya kusema kweli imekwisha kuonekana Rufiji. Kuanzia mwaka 1998 wadadisi walipita kaya kwa kaya, ukiwamo ukanda wa Kibiti, wakiuliza waliozaliwa, waliofariki na dalili za maradhi yao. Kwa majibu ya wanavijiji, mradi wa TEHIP ulisaidia wilaya kupanga fedha zake za afya kulingana na maradhi yaliyoua zaidi, na vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka kama mitano.

Saad (R.A.) alifariki Al-Aqiq karibu na mwaka wa 55 Hijria, akazikwa Baqi, Madina, akiwa amevishwa sanda ya joho la sufi alilolivaa siku ya Badr. Tunamwomba Allah (S.W.) awape wagonjwa wetu shifaa, awape matabibu wetu huruma, na atujaalie ukweli katika ndimi zetu. Amin.

Wallahu a'lam.