Garrincha: Aliyebeba Timu Pele Alipoumia
Barazani tukibishana nani haachwi nje ya timu, mimi humtaja Garrincha wa Brazil. Alizaliwa 1933, miguu imepinda, na Kombe la Dunia la 1958 hakupangwa mechi mbili za mwanzo. Mwaka 1962 kule Chile, Pele aliumia mechi ya pili. Garrincha akaubeba mzigo: mabao mawili dhidi ya Uingereza, mawili dhidi ya wenyeji, na kombe likabaki Brazil. Alifariki 1983, maskini, pombe imemmaliza, ana miaka 49. Kwangu mimi, mchezaji wa lazima ni yule ambaye nyota mwengine akianguka, timu haianguki. Wapo mitaani kwetu. Tusingoje wazikwe ndipo tuwathamini.