Muzee John Hurt: kampani ilikufa, gitari ikabaki

Wandugu wa mugodi, siye tunajua vile inakuwa kampani ikifunga: mutu anarudia nyumbani na mikono mitupu. Leo ninawaletea maisha ya mutu wa Marekani aliyeona ile mambo. Jina lake John Hurt, mweusi wa Mississippi, mulimaji na mwimbaji.

Alizaliwa mu miaka ya 1890, akakomalia Avalon, kijiji kidogo cha pamba. Alianza gitari akiwa na miaka 9. Kidole gumba kilipiga bas, vingine viliimba, utasema gitari mbili. Siye wa Katanga upigaji wa namna ile tunaujua kwa Mwenda Jean Bosco. Hurt alilima shamba la watu, wakati fulani akafanya kazi kwenye njia ya treni. Wakati wa kupumzika alipigia majirani wacheze.

Mwaka 1928 jirani yake muzungu, Willie Narmour, mupiga fidla, alitaja jina lake kwa kampani ya diski Okeh. Mwezi wa 2 wakamuita Memphis. Aliimba nyimbo 8, wakatoa 2 tu. Mwezi wa 12 wakamuita New York, akaimba zingine. Diski hazikuuzwa sana. Kiisha uchumi wa Marekani ukaanguka, Okeh nayo ikaanguka. Hurt akarudilia jembe.

Ikapita miaka karibu 35. Lakini kule New York alikuwa ameimba wimbo juu ya Avalon, kijiji chake. Ule wimbo njo ulimuokoa. Mwaka 1963 kijana mumoja, Tom Hoskins, aliusikia, akatafuta Avalon kwenye karte ya zamani, akaenda na motokari. Muzee alipomuona alifikiri ni polisi. Alikuwa na miaka 70 hivi, anachunga ng'ombe za mwenye shamba, na gitari yake mwenyewe hakuwa nayo tena. Wakamupa moja. Vidole vilikuwa havijasahau.

Mwaka ule ule aliimba Newport, kwenye sikukuu kubwa ya muziki, vijana wengi sana wakamusikiliza. Akatoa diski mpya, akaonekana mu televizyo. Bosco wetu naye aliimba pale Newport mwaka 1969, lakini Hurt hakuiona ile siku. Alikufa tarehe 2 mwezi wa 11, 1966.

Kati ya nyimbo zake za 1928 kuna moja ninaipenda. Inataja John Henry, yule mutoboa mawe wa hadithi za Wamarekani weusi, aliyeshindana na mashini mupaka akafa na nyundo mukononi. Mu wimbo wa Hurt, mufanyakazi anarudisha nyundo kwa kapita, anakwenda zake akiwa muzima.

Baba na mama, ufundi wa mikono yenu hauko mali ya kampani. Hata ikifunga mulango, ufundi unabaki kwenu, muufundishe watoto. Lakini tuseme na ukweli: muzee alingoja miaka 35, akafurahi miaka 3 tu. Hii haiko haki. Siye tuko na sendika. Kampani ikifunga, tuulize haki yetu pamoja na mapema, tusikae kungojea mugeni aje na motokari.