Daniel O'Connell na Kiapo Alichokikataa

Mwezi wa Mei 1829 wakili mmoja kutoka Ireland, mwenye mabega mapana na sauti nzito, aliingia katika Bunge la Uingereza mjini London ili kukitwaa kiti alichopewa na wapiga kura wa wilaya ya Clare. Aliletewa kiapo cha kale ambacho kila mbunge alipaswa kukitamka. Ndani yake mlikuwa na maneno ya kukana mamlaka ya kiroho ya Papa katika nchi ile, ambayo Mkatoliki hakuweza kuyatamka. Akakisoma, akakataa kuapa neno alilojua kuwa si la kweli, akatoka nje. Mtu huyo ni Daniel O'Connell.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1775 katika Kerry, pembe ya magharibi ya Ireland, akalelewa na baba yake mkubwa Maurice aliyekuwa na mali. Siku zile Wakatoliki, ingawa ndio waliokuwa wengi katika nchi yao, hawakuweza kuketi Bungeni wala kushika vyeo vikubwa vya serikali. Kijana akapelekwa Ufaransa kusoma, kwanza St. Omer, kisha Douai. Huko akayaona Mapinduzi kwa macho yake, akaikimbia nchi ile Januari 1793, mwezi uleule Mfalme Louis wa 16 alipokatwa kichwa. Tangu hapo alichukia siasa ya kumwaga damu hata kaburini.

Wala tusimpambe kuliko alivyokuwa. Katika ujana wake, akiwa amekwisha kuwa wakili mwaka 1798, alipoa katika dini kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi. Na mwaka 1815 alikubali kupigana kwa bastola na mtu mmoja wa Dublin aitwaye D'Esterre, kama ilivyokuwa desturi ya mabwana wa wakati ule, akampiga risasi, na yule akafa. Kanisa lilikataza jambo hilo, naye alilijua katazo. Majuto hayakumwacha tena. Alimsaidia binti wa marehemu kwa fedha miaka mingi, na husimuliwa kwamba alipokwenda kukomunika alivaa glovu mkono ule uliofyatua risasi.

Mwaka 1823 alianzisha Chama cha Wakatoliki. Mwanzoni kilikuwa cha mabwana wachache, na huenda kingalikufa, kama si shauri alilolipata mwaka uliofuata: kila mwanachama maskini atoe peni moja kwa mwezi. Mapadre walisaidia kuzikusanya katika parokia. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini zaidi ya fedha zenyewe, mkulima aliyetoa peni yake alijiona kuwa mwenye neno katika mambo ya nchi.

Sasa, sheria ilikuwa na tundu. Tangu 1793 Mkatoliki wa Ireland aliweza kupiga kura, na hakuna neno lililomkataza kuomba kuchaguliwa. Kilichomzuia ni kile kiapo cha mlangoni. Basi Julai 1828 O'Connell akasimama Clare kushindana na waziri mmoja wa serikali, Vesey Fitzgerald. Kura zilipigwa hadharani, kwa sauti, mbele ya wenye ardhi walioweza kumfukuza mpangaji shambani. Hata hivyo wakulima waliingia mjini Ennis kwa makundi, wakiongozwa na mapadre wao, bila ulevi wala ghasia. O'Connell akapata kura 2,057, mwenzake 982.

Waziri Mkuu Wellington, askari aliyemshinda Napoleon, aliogopa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 13 Aprili 1829 Mfalme George wa 4, shingo upande, akaitia sahihi sheria iliyowafungulia Wakatoliki mlango wa Bunge. Lakini sheria haikumhusu aliyechaguliwa kabla yake, ndiyo sababu O'Connell aliletewa kiapo cha kale. Akarudi Clare, akachaguliwa tena bila mpinzani.

Hapa pana jambo linalouma. Pamoja na sheria ile ilipitishwa nyingine. Zamani mtu mwenye shamba la kumpatia shilingi 40 kwa mwaka aliweza kupiga kura. Sasa ikatakiwa pauni 10. Wapiga kura wa vijijini, waliokuwa zaidi ya 200,000, wakabaki chini ya 40,000. Wale wakulima wa Clare waliohatarisha mashamba yao ndio walionyang'anywa kura, na matajiri Wakatoliki wakaingia Bungeni kwa jasho lao. O'Connell alilalamika, lakini hakuinua nchi kwa ajili yao. Sisi twaona kwamba alipaswa kufanya zaidi. Kiapo alikikataa kwa uhodari, bali bei ya ushindi aliwaacha maskini wailipe.

Bungeni hakusema kwa ajili ya Wakatoliki peke yao. Aliwatetea Wayahudi wapewe haki zao, na alipinga utumwa hata akawaudhi watu wa Ireland waliohamia Marekani, ambao fedha zao alizihitaji. Mwaka 1843 alikusanya mikutano mikubwa mno kudai Bunge la Dublin lirudishwe. Serikali ilipoukataza ule wa Clontarf, akawaambia watu wasije, damu isimwagike. Wengi wa vijana wake hawakumsamehe. Mwaka 1844 alifungwa miezi mitatu.

Kisha viazi vikaoza shambani, na njaa ikaanza. Februari 1847, sauti ikiwa imekwisha kudhoofika, aliwaombea Bungeni watu wake msaada. Halafu akaanza safari ya Roma, hakufika. Alifariki Genoa tarehe 15 Mei 1847. Moyo wake ulipelekwa Roma. Mwili ukarudishwa Dublin mwezi wa Agosti, ukazikwa Glasnevin, katika makaburi aliyoyaanzisha mwenyewe mwaka 1832 ili Wakatoliki wazike wafu wao kwa sala zao, na watu wa dini nyingine wasikataliwe.