Mwalimu na Mpaka

Kila nivukapo kwenda Gisenyi na kikapu cha mama, namkumbuka Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, 1922. Mwaka 1960 alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili iungane na Kenya na Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1967. Baadaye alikataa kuketi meza moja na Idi Amin. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, naye akafunga mpaka wa Kenya. Alifariki Oktoba 1999, wiki chache kabla ya mkataba mpya kutiwa saini Arusha. Kongo iliingia mwaka 2022, lakini mama bado hupanga foleni ya karatasi ya kuvukia. Maisha ya Mwalimu yananionya: soko lisipolindwa, hata mwasisi wake huweza kulifungia mlango.